Shule ya awali ndani ya madrasa: viongozi wa mtaa waanzie wapi?

Katibu wa Madrasa (Tanga)

Asalaam aleikum na habari zenu, ndugu wanajukwaa. Mimi ni katibu wa kamati ya madrasa katika mtaa mmoja wa Tanga ambao zamani ulikuwa wa Wadigo na Wasegeju, na ambao leo una Wasambaa, Wabondei na familia nyingi zilizohamia kutoka bara, baadhi yao Wakristo. Tumekubaliana nusunusu kuanzisha darasa la awali ndani ya madrasa yetu, kwa sababu darasa la awali la shule ya msingi iliyo karibu limejaa mno na watoto wadogo wanashinda vibarazani mpaka mama zao warudi kutoka sokoni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 inataka kila mtoto apate angalau mwaka mmoja wa elimu ya awali kabla ya darasa la kwanza, nasi hatutaki wetu waukose.

Nasema nusunusu kwa kuwa wazee wawili wanaoheshimiwa sana wanahofia kwamba Qur'ani itasukumwa pembeni. Kwa upande mwingine, jirani yangu, Mkristo kutoka Singida, aliniuliza kwa upole kabisa tukiwa dukani kama binti yake wa miaka minne atapokelewa, nami nikakosa jibu. Nimesikia kwamba wenzetu wa Mombasa waliwahi kulikabili jambo hili. Naomba anayelijua kwa karibu anieleze viongozi wale walianzaje.

Mwalimu wa Awali (Mombasa)

Wa aleikum salaam, Ndugu Katibu. Mwaka 1982 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walimwendea Aga Khan wa Nne kumwomba msaada, kwa sababu waliona watoto wao wakianza darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao na wachache mno wakifika elimu ya juu, na hawakutaka kuchagua kati ya shule na dini. Tafadhali zingatia jambo moja ambalo wengi hulipita haraka: walioomba walikuwa Masunni wa madhehebu ya Shafi, na aliyeombwa alikuwa Imamu wa Washia Ismailia. Hatua hiyo ilihitaji viongozi wenye moyo mpana kabla ya kuhitaji fedha.

Kazi alikabidhiwa mwalimu mzoefu wa hapa hapa, Bi Swafiya Said, naye alianza kwa kwenda kuwasikiliza wazazi na masheikh. Shule ya kwanza ilifunguliwa Mombasa mwaka 1986, mpango ukaingia Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na baadaye shule katika nchi hizo tatu zikapita 200. Wazee wengi walikubali kwa sababu aliyewajia alikuwa mtu wao, anayeongea lugha yao na kuijua madrasa kwa ndani, na kwa sababu dua, adabu na sura fupi zilibaki ndani ya ratiba pamoja na hesabu na lugha.

Utaratibu wenyewe ulikuwa wa kujifunga pande mbili. Jamii hutia saini makubaliano, huchagua kamati ya shule yenye akina mama ndani yake, hutoa chumba, na hupendekeza wasichana au wanawake wa mtaa huo huo wafunzwe ualimu huku wakifundisha. Mafunzo na ukaguzi huchukua takriban miaka miwili ndipo shule ihesabiwe kuwa imehitimu. Vifaa hutoka kwenye mazingira: vifuu, simbi, kokwa, vizibo vya soda, vibao vilivyopigwa msasa. Chumba hugawanywa kona, kona ya nyumbani, ya kujenga, ya vitabu, na mtoto hupanga atakachofanya, hukifanya, kisha huwaeleza wenzake alichofanya.

Nakumbuka mzee mmoja katika madrasa niliyoanzia kazi, aliyekuwa mpinzani wetu mkubwa kuliko wote. Siku moja aliketi mlangoni akamtazama mjukuu wake akipima mchanga kwa kifuu katika "duka" la darasani. Mtoto alisema "Bismillahi" kabla ya kuchota, akahesabu vifuu sita, akamrudishia mwenzake simbi mbili za chenji. Mzee hakusema neno siku ile, lakini Jumatatu alileta gunia la vifuu alivyovisafisha mwenyewe. Kwa hiyo, Ndugu Katibu, waalike wale wazee wawili waje kukaa darasani siku nzima kabla ya kuwaita kwenye kikao kingine. Hata darasa la majaribio la watoto kumi kwenye mkeka linatosha.

Tena, msianze na mfadhili. Niliwahi kuona kundi moja likipewa maboksi matatu ya vitu vya plastiki vya kuchezea, vikafungiwa kabatini visije vikavunjika, na ufunguo ukawa kwa mweka hazina ambaye hakuwa akifika shuleni. Watoto walivitazama kupitia kioo mwaka mzima, na hadi leo nikilikumbuka kabati lile naumia.

Mzee wa Langoni (Lamu)

Mwanangu Katibu, mwalimu amekueleza vizuri, nami naongeza jambo moja tu. Hofu ya kuchanganya watu darasani haikuanza leo. Hapa Lamu, Habib Saleh, aliyetoka Ngazija katika visiwa vya Komoro, aliwafundisha Qur'ani na elimu ya dini watumwa na watu waliodharauliwa, na baadhi ya wenye mji walichukizwa, kwani kwao elimu ilikuwa mali ya koo fulani. Yeye aliishi mtaa wetu wa Langoni miongoni mwa wanyonge, akawasomesha, akawakusanya kwa maulidi yenye matari, na Msikiti wa Riyadha ukawa chuo kinachofuatwa na wanafunzi kutoka mbali. Kule Mombasa naye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kupitia magazeti yake ya As-Sahifa, lililoanza 1930, na Al-Islah, lililoanza 1932, aliwahimiza Waislamu waitafute elimu ya kisasa bila kuitupa dini yao, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Wataje watu hawa mbele ya wazee wako, uwaombe wao wenyewe wakuhadithie wanayoyajua. Mzee akishasimulia habari ya Habib Saleh kwa kinywa chake, hatamfukuza mtoto wa jirani kwa urahisi.

Mama Neema (Likoni)

Shikamoo Mzee wa Langoni, na salamu kwako, Katibu. Nadhani mimi ndiye nilivaa viatu vya jirani yako wa Singida. Ni Mkristo, mzaliwa wa Taita, na binti yangu alisoma miaka miwili katika shule ya awali ya madrasa karibu na kwetu. Kabla ya hapo tulimpeleka mahali pengine, ambapo hatukuambiwa chochote juu ya mavazi wala sala mpaka mtoto aliporudi analia kwa kukemewa, nasi tukamtoa.

Pale madrasa, mwalimu alituketisha siku ya kwanza akatueleza waziwazi: nusu saa ya mwanzo ni ya Qur'ani na dua, anayetaka mwanawe akae atakaa, asiyetaka amlete baada ya muda huo. Tulimleta baadaye. Hata hivyo alizoea kusema "Bismillahi" kabla ya uji, na mume wangu aliposhtuka nilirudi kuuliza. Mwalimu hakujitetea, alitueleza maana yake, kisha akaniuliza nyumbani kwetu tunasali vipi kabla ya kula, na wiki iliyofuata binti yangu akawaeleza wenzake. Krismasi ilipokaribia, mwalimu aliwaambia watoto mapema kwa nini Neema atakuwa na nguo mpya na wapi atakwenda. Ninachotaka kusema ni kwamba tuliheshimiwa kwa kuambiwa ukweli kabla. Mjibu jirani yako sasa, hata kama jibu ni "tunataka aje, lakini bado hatujapatana juu ya ratiba."

Katibu wa Madrasa (Tanga)

Mzee wangu, shikamoo. Mwalimu, Mama Neema, nawashukuru kwa moyo wote. Jana jioni nilikwenda kwa jirani nikamweleza kama nilivyoshauriwa, naye akasema mke wake ameshonea watu nguo kwa miaka mingi na yuko tayari kutushonea wanasesere wa kona ya nyumbani kwa vipande vya kanga. Mzee mmoja kati ya wale wawili amekubali kuja kukaa darasani Jumamosi, mwenzake bado. Sasa tunatafuta vifuu, na ninaandaa maswali ya kumpelekea Mthibiti Ubora wa Shule wa wilaya kuhusu usajili. Mwalimu, ukipata nafasi naomba unieleze jambo lililotukwamisha zaidi kikaoni: sisi tumependekeza dada wawili wafundishe; je, kwenu walimu walilipwa na nani katika miezi ya mwanzo, kabla ada za wazazi hazijatosha?

Mwalimu wa Awali (Mombasa)

Tulikotoka sisi, wazazi walichanga kidogokidogo kila mwezi na kamati ikaandika kila shilingi ukutani, mahali ambapo kila anayemleta mtoto anapaona. Wasioweza kutoa fedha walileta kuni, unga wa uji au siku moja ya kazi, na hayo nayo yaliandikwa. Anzeni na mwalimu mmoja anayelipwa kikamilifu badala ya wawili wanaosubiri, na huyo wa pili aanze mafunzo.