Pikipiki ya R1 ya 2009 inakohoa kama inamisi. Inaumwa au ndivyo ilivyo?

MtuWaTabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua hizi mashine, maana kuna mtu anasubiri jibu langu wiki hii.

Naendesha Honda CB400, silinda nne, na masikio yangu yamezoea ule mlio wake ulionyooka. Sasa kuna jamaa Mikocheni anauza Yamaha R1 mbili, moja ya 2006 na nyingine ya 2009. Hiyo ya 2009 kwa bei anayotaka unapata kiwanja Chanika na hela ya kuanzia msingi.

Nilipokwenda kuziona aliwasha ya 2006 kwanza. Safi kabisa, mlio ninaoujua ila umekuwa mkubwa. Akawasha ya 2009. Wakuu, ile kitu ikiwa sailensi, yaani imewaka tu bila kuvuta mafuta, inakohoa. Du-dudu... du-dudu... Nikaweka kiganja nyuma ya eksozi zile mbili zilizo chini ya mkia: moshi hauna rangi, lakini mapigo yanayonigonga mkononi hayalingani hata kidogo. Nikamwambia bosi, hapa silinda moja haiwaki. Akacheka, eti zote za mwaka huo ndivyo zilivyo.

Sasa muuzaji akikwambia ugonjwa wa chombo chake ni kawaida, utamwamini? Na kama ni kweli, walibadilisha nini? Nimetafuta takwimu, ya 2007 inaandikwa nguvu farasi 180 na ya 2009 ni 182. Yaani wameharibu mlio wote ule kwa ajili ya farasi wawili?

Kipanga_wa_Kigamboni

Mkuu kimbia. Chukua ya 2006. Pikipiki inayokohoa mbele ya mnunuzi, ukifika nayo Kibaha utarudi nayo juu ya Fuso.

FundiGerezani

Kipanga, usimtishe mtoto wa watu. Muuzaji kasema kweli.

Mdogo wangu, kwenye CB400 yako, na kwenye hiyo R1 ya 2006, krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, ni bapa. Pistoni mbili za pembeni zikiwa juu, mbili za kati ziko chini, na kila nusu mzunguko silinda moja inawaka. Nyuzi 180, 180, 180, 180. Ndiyo maana mlio umenyooka. Mwaka 2009 Yamaha wakaichonga krenki upya kabisa: pale konrodi, vyuma vinavyotoka kwenye pistoni, zinapofungwa pamepishana kwa nyuzi 90, ukiitazama kwa mbele unaona msalaba. Sisi tunaiita krosipleni. Kuwaka kwake kunakwenda 270, 180, 90, 180. Jumlisha utapata 720, mizunguko miwili kama injini yoyote ya mipigo minne, ila nafasi hazilingani. Hiyo "dudu" uliyoisikia ni silinda mbili zilizowaka karibu karibu kwa nyuzi 90. Kile kimya kirefu kuliko vyote ndiyo 270 inapita.

Farasi wawili sahau, hawakuwa wanatafuta farasi. Kwenye krenki bapa pistoni zote nne zinasimama kwa wakati mmoja, mbili juu kabisa na mbili chini kabisa, halafu zote nne zinachanganya mwendo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kila mzunguko krenki inanyang'anywa mwendo na kurudishiwa, mara mbili, hata kabla hujaunguza tone la petroli. Ukiwa mizunguko 12,000 kwa dakika, huko kuvutana si kitu kidogo, na kunashuka kwenye cheni mpaka tairi la nyuma. Krosipleni inafanya kazi kama akina mama wanaotwanga kinu kimoja kwa kupokezana. Pistoni mbili zikiwa zinasimama, nyingine mbili ziko mbioni. Mwendo unaotolewa huku unapokelewa kule. Kinachofika kwenye tairi ni kile tu mkono wako ulichoomba.

Na hawakuanza nayo barabarani. Ilitoka kwenye M1, pikipiki yao ya mbio za dunia za MotoGP. Injinia wao Masao Furusawa aliisimamia, na Valentino Rossi alipohama Honda 2004 ndiyo aliyoichagua. Mbio zake za kwanza nayo zilikuwa Welkom, hapo Afrika Kusini, akashinda, na mwisho wa msimu akabeba ubingwa. R1 ya kununua ikaipata 2009, na mwaka huo huo Ben Spies akachukua ubingwa wa dunia wa Superbike akiwa juu yake. Faida yenyewe inaonekana unapotoka kwenye kona, pikipiki bado imelala, na wewe unaanza kuvuta mafuta. Unajua tairi limeshika au limeanza kuteleza. Sasa sema mwenyewe, hapa Dar unalala kona ipi? Mzunguko wa Kawe?

Gharama yake nayo ipo. Krosipleni ya silinda nne inataka kuyumba, huku ikiinuka huku ikishuka, kwa hiyo ni lazima iwekewe shafti ya kusawazisha. Ni chuma kingine ndani ya injini. Ya 2009 ikiwa imejaa mafuta na oili ni kilo 206.

Lakini sikiliza hapa, ndipo wauzaji wengine wanapojifichia. Krosipleni nayo inaweza kumisi, na ukilalamika unaambiwa "ndivyo zilivyo". Mlio wa kawaida haulingani, ila unajirudia vile vile kila mara. Ukiusikiliza kwa utulivu unaweza kuupigia makofi. Inayomisi haina mpangilio, inaruka inapotaka, na nyuma inanuka petroli mbichi. Kama bado una shaka, fungua kava la upande, iwashwe ikiwa ya baridi, na kabla haijakolea moto udondoshee maji kidogo kwenye kila bomba la eksozi pale linapotoka kwenye silinda hedi. Matatu yakichemsha tone na la nne likabaki na maji yake yanatiririka, hapo una plagi, koili au nozeli. Rudisha hela mfukoni kwanza.

Kipanga_wa_Kigamboni

Fundi, haya. Ila mimi bado mlio wa 2006 ndiyo mlio. Hiyo nyingine nikifumba macho nasikia V4, injini ya silinda nne zilizopangwa kama herufi V.

FundiGerezani

Hujakosea sana, ile mipishano ni ya V4 ya nyuzi 90. Na ya 2006 siidharau, ndiyo R1 ya mwisho ya vali tano kwa kila silinda, 2007 wakahamia nne. Ila siku ya kupima nafasi za vali utazihesabu zote 20, na mimi nitachaji zote 20.

DadaWaLita

Naingilia mabwana, kwa sababu naona mnaongea injini tu na kijana ataendesha Dar es Salaam.

Nina R1 ya rika hilo la 2009, na naipenda. Lakini hizo eksozi chini ya kiti usizichukulie poa. Foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni, feni ya rejeta inapuliza magotini, eksozi zinakuchoma mapaja, na klachi inakuchosha kiganja maana gia namba moja ni ndefu. Mjini mimi naiweka kwenye modi B muda wote. Hiyo nayo ilikuja 2009: kuna modi ya kawaida, A inayoitika kwa ukali na B iliyopoa. Na usidanganyike kwamba kuna kompyuta ya kukuokoa. Kizuizi cha tairi kuteleza kilikuja kwenye ya 2012. Kwenye ya 2009 ukivuta mafuta kwa pupa juu ya mchanga wa pembeni ya barabara, ni wewe na mkono wako.

Shokapu za mbele zimegawana kazi: mguu wa kushoto unazuia kushuka, wa kulia unazuia kurudi juu. Fundi asiyejua akikubadilishia oili na kuchanganya vya kushoto na kulia, utaruka kila tuta kuanzia Tegeta mpaka Bunju. Mwambie kabla hajaanza, usiogope kuonekana mjuaji.

Kama una uwezo wa kusubiri, wekeza ufike ya 2015. Krenki ni ile ile ya msalaba lakini karibu kila kitu kingine ni kipya. Konrodi za titani, rimu za magnesi, kilo 199 ikiwa imejaa, nguvu farasi 200, na sensa inayopima pikipiki imelala na kuinuka kiasi gani, ili breki na mafuta vijirekebishe. Eksozi imeshushwa chini, mapaja yako salama. Ila uliza giaboksi: Yamaha wenyewe waliziita za 2015 zirudi kubadilishiwa gia, sasa hakikisha hiyo utakayoiona ilirudi. Na hizi mpya wanazotaja vijana, zile za 2025 zenye mabawa kwenye kava na kalipa za breki za Brembo, tuziangalie kwenye simu tu. Ulaya kwenyewe siku hizi inauzwa ya uwanja wa mbio tu, si ya barabarani, kwa sababu ya sheria za moshi.

MtuWaTabata

Dada asante sana, na fundi shikamoo. Ya 2015 sifiki, hata tukiuza na friji. Nimerudi leo mchana kuisikiliza tena na kweli, mlio unajirudia. Nimejaribu kuupigia makofi, mlinzi akadhani nimechanganyikiwa. Swali la mwisho: muuzaji anasema spidi yake inaishia 180. Nilidhani zinakwenda karibu 300?

FundiGerezani

Marahaba. Basi hiyo iliuzwa Japani kwenyewe. Za soko lao zilibanwa: kikomo cha spidi 180, na nguvu zimepunguzwa kuliko hao 182 uliowasoma. Inafunguka, ila ni kazi ya kompyuta na eksozi, na ni hela. Kwa hiyo bei ya kiwanja hapana, anza kushuka. Kwa matumizi ya hapa wala haikupunguzii kitu, 180 yenyewe ukikutana na tochi pale Kibaha utaeleza nini?

Jumamosi asubuhi nina nafasi, nipitie hapa Gerezani twende wote. Mwambie huyo bosi asiiwashe kabla hatujafika. Nitashika injini kwanza, na nikiikuta ya moto hatuzungumzi bei.