Mbu wa mionzi kuachiwa mtaani kwetu: nifungue mlango au nikatae?

Mama Imani, Heidelberg
Jamani habari zenu. Nimekuta karatasi kwenye sanduku la barua: mtaani kwetu wataachia mbu chui (wale weusi wenye madoa meupe, Aedes albopictus), madume waliopigwa mionzi, na wakaguzi watapita bustanini kuangalia maji yaliyotuama. Baba Imani anasema tuwakatalie, mtoto anacheza nje. Mie najiuliza, hii si ndiyo dawa ya malaria tuliyokuwa tunaingoja kwetu? Mwenye kujua anijuze.

Mtu wa Unguja, Vienna
Dada, wafungulie. Mbu dume hang'ati, chakula chake ni maji matamu ya maua. Damu anaitaka jike. Mionzi inaharibu mbegu zake za uzazi kisha basi, haibaki mwilini, kama wewe usivyotoka na mionzi ukipigwa eksirei. Akimpanda jike, mayai hayaanguliwi, na jike wa mbu kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Hao wa kwenu hufugwa Italia, upande wa Bologna.

Sisi Unguja tulishayaona haya kwa mbung'o (wabara mnawaita ndorobo), waliokuwa wakiua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana. Madume yalifugwa Tanga, yakahasiwa kwa mionzi, yakapakiwa kwenye maboksi na kumwagwa kutoka ndege ndogo. Mamilioni. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa 1996, na mpaka leo kimya.

Ila kwa malaria usijipe moyo haraka. Mbung'o wa Unguja alikuwa wa aina moja, kazungukwa na bahari, na jike wake huzaa buu mmoja mmoja. Anofelesi, mbu wa malaria, anataga mayai kama mia kwa mkupuo, na kwetu ana aina kadhaa: yuko gambiae, yuko arabiensis, yuko funestus. Ukimhasi mmoja, wenzake wanaendelea na kazi. Halafu kuna kuchambua jinsia. Pupa (mbu kabla hajaota mbawa) wa kike wa mbu chui ni mkubwa, unamchekecha tu. Wa anofelesi wanakaribiana mno, na huwezi kuachia majike mtaani yakang'ate watu. Wataalamu wamejaribu hata kuwanywesha damu yenye ivermectin, dawa ya minyoo, ili majike yafe. Sudan na Afrika Kusini wamehangaika na arabiensis peke yake kwa miaka mingi.

Nesi, Zürich
Shikamooni wakubwa. Mbu chui kazi yake ni dengi na chikungunya, malaria hana. Malaria mtaikuta nyumbani, likizo ya Desemba. Sisi tuliokaa huku miaka mingi kinga ya utotoni imeshapungua, na watoto waliozaliwa huku hawana kabisa. Kila mwaka nasikia mtu kameza Malarone, vidonge vya kukinga malaria, mpaka siku ya ndege ya kurudi, akaacha. Inaanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelea siku 7 baada ya kutoka kule. Doxycycline, kinga nyingine, ni wiki 4 baada. Ipi inakufaa, muulize daktari, hasa mwenye mimba.

Mkirudi, homa ikiwapata ndani ya miezi mitatu, neno la kwanza mapokezi liwe: nimetoka Afrika Mashariki, nipimeni malaria leo. Binamu yangu hakusema, akaambiwa ni mafua, akarudishwa na panadoli. Alilazwa akiwa hajitambui.

Mama Imani
Mungu awabariki. Na hizi tembe za Bti wanazosema tutie kwenye pipa la maji ya mvua?

Mtu wa Unguja
Tia. Ni bakteria wa kuua viluwiluwi, hao hao wanaozalishwa kwenye kiwanda cha Kibaha. Mtoto na nyuki hawadhuriki. Pipa lifunike kwa wavu usioacha upenyo, na visahani vya vyungu vya maua mwaga kila wiki. Mbu chui anataga hata kwenye maji ya kizibo cha chupa.

Mama Imani
Baba Imani kakubali, ila anasema mlango atafungua yeye mwenyewe.