Jumamosi ufukweni: oda ya samaki

JUMATANO

Dada Mkubwa 18:04
Jamani, Jumamosi tunakula pale kwenye mgahawa wa mchangani. Mpishi anataka oda kabla ya saa kumi jioni, la sivyo tutakula saa tatu usiku. Jiko la mkaa ni moja na sisi tuko 14. Nani hali nini? Jibuni LEO.

Dada Mkubwa 19:31
Mmesoma wote. Hajajibu hata mmoja.

Kitindamimba 19:33
Mimi nala vyote 😂

Dada Mkubwa 19:35
Hesabu yangu: samaki mzima na kichwa chake, gramu 400 kwa mtu mzima. Tuko wakubwa 11, hiyo ni kilo 4.4. Watoto 3 watamega humo humo. Tuchukue samaki 3 wa kilo moja na nusu kila mmoja.

Mjomba 20:12
Chukueni chewa mmoja wa kilo 5 akae katikati ya meza. Hata picha inapendeza.

Dada Mkubwa 20:14
Mjomba, huyo ni mnene mno. Wapishi wanahesabu kama dakika 10 kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Ngozi itaungua na mfupani bado mbichi. Wa kilo moja na nusu akichanjwa mara 3 kila upande, ndani ya nusu saa ameiva.

Kaka 20:40
Tuanze na mizani. Anapimwa kabla ya kutolewa magamba na matumbo, au baada? Uzani uandikwe, tuuone, ndipo aende jikoni. Na asiagize mtu mmoja. Yale ya kamba koche tunayakumbuka.

Mjomba 20:41
Yale yalikwisha.

Kaka 20:41
Yalikwisha kwako.

Kitindamimba 20:42
_Ujumbe huu umefutwa_

Dada Mkubwa 20:42
Nimeuona. Usirudie.

Mama Mdogo 21:15
Mmesahau mtoto wa Shemeji. Hali kamba wala kaa, na kumpa sahani yake hakutoshi. Mafuta yaliyokaanga kamba yakikaanga viazi, viazi hivyo vinamdhuru. Mpishi aulizwe kama ana karai la pili. Samaki wake afungwe kwenye foili, asiguse wavu uliochoma kamba. Sindano yake ya mzio ije mezani, isibaki hotelini.

Kitindamimba 21:16
Kamba wake nimerithi mimi 😋

Shemeji 21:50
Si mzaha huo. Asante Mama Mdogo.

ALHAMISI

Bibi 05:58
Wanangu. Chewa mkubwa hapana. Samaki wa mwambani akizidi ukubwa huweza kubeba sumu isiyotoka kwa moto wala kwa ndimu. Chaza wabichi pia sitaki kuwaona mezani. Na hilo la kamba koche, nyinyi wawili mje chumbani kwangu kabla ya Jumamosi.

Mjomba 08:20
Shikamoo mama. Nimesikia.

Mama Mdogo 08:31
Mama amesema kweli. Sumu inaanzia kwenye vijimea vya mwambani, samaki wadogo wanavila, wakubwa wanawala wadogo, basi inajikusanya. Hawa huwezi kuwajua kwa harufu wala kwa ladha. Chaza wa bahari ya joto nao wana bakteria wanaomuumiza zaidi mzee na mwenye ini bovu.

Dada Mkubwa 12:10
Chewa tumemfuta. Samaki nitawachagua mwenyewe saa tisa: jicho angavu lililotuna, mashavu mekundu, nyama ukiibonyeza inarudi. Jodari simchukui kama hajalala kwenye barafu. Akishinda kwenye joto anajaa histamini, na kumpika hakuiondoi. Uso unakuwa mwekundu na kuwasha, na wengi watadhani ni mzio. Pweza achemshwe kwanza mpaka uma uingie bila kusukuma, ndipo apitishwe mkaani dakika chache. Ngisi dakika 2 tu, akizidi anakuwa mpira.

Shemeji 12:12
Umesema mpira? Jumamosi ni saa ngapi? Pale kuna televisheni?

Kitindamimba 12:12
Saa moja usiku!!

Dada Mkubwa 12:15
JAMANI. Jumamosi ni bamvua. Maji yanajaa saa kumi na moja na yanafika meza za mbele. Mchanga ukilowa viti vinazama. Bibi akae nyuma, penye sakafu ya mbao. Nani atakwenda mapema kushika meza?

Dada Mkubwa 17:40
Nani?

IJUMAA

Binamu 22:03
Samahani, nimechelewa kusoma. Sisi 2 hatuli samaki siku hizi.

Dada Mkubwa 22:04
Basi wakubwa 9, kilo 3.6. Nachukua samaki 3 wa kilo 1.2, wataiva upesi zaidi. Kaka, mmekwenda kwa Bibi?

Kaka 22:31
Mimi nipo hapa tangu saa mbili. Mwenzangu ndiye sijamwona.

Mjomba 22:33
Nakuja.

Dada Mkubwa 22:40
Foili nitanunua mimi. Karai la pili, mpishi bado hajajibu.