Wenye biashara zinazokua: intaneti mnalipia kila mwezi, nyaya zilizo darini kwenu hamzijui!

Wakuu, salaam.

Nina hasira na sitaificha. Mimi ni mtu wa IT, nimeajiriwa kwenye kampuni ya usambazaji wa bidhaa hapa Dar, jina lake silitaji. Kabla ya hapo nilizunguka ofisi nyingi za mjini kama fundi wa mitandao. Kwa hiyo wakitokea watakaosema nina kinyongo na bosi mmoja, wajue hili nimelikuta kila mahali.

Biashara inaanza na duka Kariakoo, kompyuta mbili na ruta iliyoletwa na kampuni ya intaneti. Mambo yakinyooka linachukuliwa ghala Vingunguti, inaongezwa ghorofa ya ofisi, wanaajiriwa wahasibu, zinafungwa kamera, mashine ya alama za vidole, simu za mezani. Kila kitu kipya kikija anaitwa fundi aliye karibu, mara nyingi yule yule aliyekuja kufunga taa. Anavuta waya, anauchomeka kwenye tundu lolote lililo wazi, analipwa, anaondoka. Matundu yakiisha inanunuliwa swichi ndogo (kisanduku cha kugawa mtandao kwa nyaya) ya milango, yaani matundu ya waya, mitano, inatupwa chini ya meza. Nayo ikijaa, inachomekwa nyingine juu yake. Mwisho wa siku ofisi nzima inategemea mtandao ambao hakuna mtu hata mmoja anayejua unapita wapi.

Halafu unasumbua. Anayelaumiwa ni nani? Kampuni ya intaneti. Na tangu Mei 12, 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zinazotuletea intaneti zilipokatika na nchi kuyumba, mabosi wamepata sababu ya kudumu. Programu ya mauzo haifunguki, anasema ni kebo ya baharini. Bosi wangu, seva, yaani kompyuta inayoendesha hiyo programu, iko chumba cha pili! Data inatoka kwenye kompyuta ya keshia, inapita ukutani, inafika kwenye seva, inarudi. Haijatoka hata nje ya geti, bahari imeingiaje hapo?

Lakini hasikii. Anapiga simu, anapandishwa kifurushi, anaanza kulipa karibu mara mbili ya mwanzo kila mwezi. Hali inabaki vile vile, kwa sababu ugonjwa uko ndani ya jengo. Hizo hela za kifurushi kwa mwaka mmoja zingetosha kuvuta upya nyaya za ghorofa nzima, kwa kebo halali, na chenji ikabaki.

Nielezee jambo moja dogo ambalo mabosi hawaambiwi. Kebo ya mtandao ina jozi nne za nyaya. Mwendo wa megabiti 100 unatumia jozi mbili tu, wa megabiti 1,000 unahitaji zote nne. Jozi moja ikikatika, au kichwa kikibanwa vibaya, vifaa vingi havizimi. Vinashuka kimya kimya hadi 100 na kazi inaendelea. Taa inawaka, kila mtu anaona mzima, kumbe waya unaounganisha ghorofa mbili umebaki na sehemu ya kumi ya uwezo wake. Mhasibu anafungua ripoti ya mwezi, anasubiri, anakwenda kunywa chai, anarudi bado inazunguka. Huwezi kuligundua hili kwa kutazama taa. Linagundulika pale tu palipo na mtu, au programu, inayoiuliza swichi kila dakika: mlango huu unakwenda kasi gani, una makosa mangapi?

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Hakuna anayeuliza. Hizo swichi za chini ya meza ni bubu, hata ukiziuliza hazijibu.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni tukio la mwisho wa mwezi uliopita. Stoo imejaa wateja, magari yanasubiri mizigo, wahasibu wanafunga hesabu. Ghafla mtandao wote unalala. Simu za mezani zinakufa, kamera zinakufa, risiti hazitoki. Bosi tayari yuko hewani na kampuni ya intaneti, anafoka. Ikabidi nichomoe nyaya kwenye swichi kuu mmoja mmoja hadi mtandao ukapumua, halafu nikaufuata ule waya uliosababisha. Kuufuata vipi? Hauna lebo. Unaingia darini pamoja na wenzake wote, rangi moja, wamefungwa fundo moja. Nikatembea ofisi hadi ofisi nikitambaa chini ya meza za watu wazima. Mwisho nikakuta mfanya usafi kaona waya unaning'inia, akauchomeka kwenye tundu lililokuwa wazi ili pawe nadhifu. Ncha zote mbili za waya huo zilikuwa kwenye swichi ile ile.

Yule mama hana kosa hata kidogo. Kosa ni la walioacha mtandao wa kampuni nzima uangushwe kwa kuchomeka waya mmoja. Ujumbe unaotumwa kwa kila kifaa ukiingia kwenye mzunguko kama ule haufi, kwa sababu fremu ya ithaneti, yaani kifurushi cha data kinachopita kwenye nyaya hizi, haina kikomo cha kuhesabu imepita mara ngapi. Unazunguka, unazaliana, hadi swichi zote zinazama. Dawa yake, Spanning Tree, utaratibu wa swichi kutambua mzunguko na kuufunga, mhandisi wa mitandao Radia Perlman aliibuni mwaka 1985, na ikawa kiwango rasmi mwaka 1990. Sisi leo tunalala saa nzima kwa tatizo lililopatiwa dawa kabla baadhi ya wafanyakazi wetu hawajazaliwa! Swichi yenye uwezo wa kutambua mzunguko ingeufunga mlango ule peke yake, sehemu ndogo ya ofisi ingekatika, wengine wangeendelea kuuza. Niliiomba swichi hiyo. Nikaambiwa bajeti hakuna, na wiki hiyo hiyo chumba cha mikutano kikaletewa viti vipya vya ngozi.

Sasa nije kwenu mafundi wenzangu, msidhani mmesalimika.

Mnafunga kazi, mnaweka nywila yenu kwenye ruta na kwenye kinasa cha kamera, halafu mnaondoka nayo. Mteja akitaka kubadili kitu kidogo, lazima awatafute. Namba haipatikani, au mnataka hela ya safari kwanza. Huo ni utekaji, haijalishi umevaa ovaroli safi kiasi gani. Kifaa kimenunuliwa kwa hela ya mteja, nywila ni mali yake. Mimi nimelazimika kufuta mipangilio ya ruta nzima na kuanza upya, ofisi ikiwa imesimama, kwa sababu aliyeifunga aligoma kunitajia neno la siri. Na wengine mnaacha nywila ya kiwandani vile vile ilivyotoka kwenye boksi. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka mamia ya maelfu ya kamera, vinasa na ruta duniani kwa nywila hizo hizo za kiwandani. Tumepita miaka mingapi tangu hapo? Bado nakuta "admin" na "12345" kwenye kamera inayotazama droo ya pesa.

Mchoro hamuachi. Lebo hamuweki. Jengo lina nyaya mia, mnaziacha bila hata namba ya kalamu ya wino. Kuandika namba kwenye ncha mbili za waya kunachukua muda gani? Mtu atakayekuja baada yako ni fundi mwenzako, na utamtesa yeye, si bosi.

Kebo ndiyo usiseme. Maduka yamejaa maboksi yaliyoandikwa Cat6, daraja la kebo ya mtandao, ambayo ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba. Viwango vya nyaya za mitandao, TIA-568 na ISO/IEC 11801, vinataka shaba tupu. Alumini inapitisha umeme kwa karibu asilimia 60 ya uwezo wa shaba, ni dhaifu, ukiukunja mara chache unavunjika ndani ya ganda na huoni kitu nje. Ukiupitishia umeme wa kuwasha kamera au simu unapata joto, na umeme unapungua njiani. Kamera ya geti inajiwasha na kujizima usiku, kila mtu analaumu kamera, inanunuliwa nyingine, inafanya vile vile. Boksi la mita 305 likiwa jepesi kupita kiasi, shituka. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani, rudisha dukani. Fundi unayajua haya yote, na bado unamwandikia mteja bei ya shaba. Wewe ni mwizi, sina neno jingine.

Halafu kuna hawa wanaovuta waya mmoja kutoka ofisini hadi ghalani kwa mita 150 wakati mwisho wake ni 100, tena juu kwa juu kati ya majengo mawili. Masika ikija radi inapiga jirani, milango ya swichi pande zote mbili inaungua. Kati ya jengo na jengo wekeni fiba, kebo ya nyuzi za kioo inayopitisha data kwa mwanga. Haipitishi umeme wa radi, na siku hizi bei yake si ya kutisha tena.

Nirudi kwa wenye mali, kwa sababu ninyi ndio mnaoshika hela. Mnaniambia kufuatilia mtandao ni mambo ya benki na kampuni za simu. Si kweli. SNMP, lugha ambayo swichi na ruta hutumia kutoa taarifa zake, ipo tangu 1988. Programu za kuzisoma kama Zabbix na LibreNMS hazilipiwi leseni. Kompyuta moja ya zamani iliyopumzishwa stoo inatosha kuziendesha kwa kampuni ya ukubwa wetu. Itakuambia mlango gani umeshuka kasi, swichi ipi imezimika, betri ya UPS (kifaa cha umeme wa akiba) imebaki na dakika ngapi, tangu saa ngapi. Hapo ukipigia kampuni ya intaneti unapiga ukiwa na ushahidi mkononi, na kama kosa ni lao watalikubali. Mnachotakiwa kununua ni swichi zinazojibu, na muda wangu wa kuzipanga. Muda wenyewe mmeshaulipia, ila mnautumia kunituma nikabadilishe wino wa printa.

Gari la mizigo lina kadi, lina bima, lina tarehe ya sevisi ukutani kwa mhasibu. Mtandao unaoendesha mauzo ya gari hilo hauna hata karatasi moja.

Na ukitaka kuona dharau yenyewe, tazama inapokaa swichi kuu. Kwetu iko stoo ya vifaa vya usafi, juu yake ndoo, pembeni sabuni ya unga, dirisha halifunguki. Kwa joto hili la Dar la Februari! Feni yake imejaa vumbi hadi imegoma kuzunguka. Nimeomba kabati la ukutani lenye kufuli na feni. Jibu: "Si inafanya kazi?" Inafanya kazi, ndiyo. Ikifa, itakufa mwisho wa mwezi mkiwa na foleni ya wateja, na mtaniamsha mimi.

Wiki hii nimeanza mwenyewe, bila ruhusa ya bajeti. Nimenunua lebo na kipima waya kwa hela yangu, jioni watu wakiondoka napanda darini, natafuta kila waya unaishia wapi na kuuandika. Ghorofa ya chini imekamilika. Nyaya kadhaa zimeishia hewani, haziendi popote, na kuna swichi nimeikuta darini imewaka, imefunikwa na vumbi, hakuna aliyejua ipo.

Wadau, mwenye fomu ya makabidhiano anayomsainisha mkandarasi kabla hajalipwa awamu ya mwisho, ile yenye nywila zote, mchoro, na matokeo ya kipimo cha kila waya, aiweke hapa. Nataka niipeleke kwa bosi Jumatatu, kabla hajaleta yule fundi wa taa kuvuta waya wa tawi la Mwanza.