Re: Fomu ya udhamini imerudishwa, "chuo hakimo katika 100 bora"

Bint Mkomani, Leicester
Assalam alaykum jamaa. Mdogo wangu yuko Amu (Lamu), ana barua ya LSE, chuo cha uchumi na siasa cha London, ya shahada ya uzamili. Ofisi ya udhamini huko nyumbani imemrudishia fomu na mstari mmoja: "Chuo hakimo katika 100 bora duniani." Muhuri, sahihi, basi. Orodha haikutajwa, mwaka haukutajwa. Anayejua hutumika orodha ipi tafadhali anijuze, rufaa ina muda mfupi.

Mzee wa Langoni, Rotterdam
Wa alaykum salaam mwanangu. Hiyo ni orodha ya Shanghai (ARWU), sina shaka. Kwa QS, orodha ya Uingereza, LSE huzungukia 50, na kwa THE, nyingine ya huko huko, haiko mbali na hapo. Kwa Shanghai iko fungu la 151 hadi 200. Wachina wapenda maabara: asilimia 20 ni makala za majarida ya sayansi Nature na Science, 30 ni tuzo za Nobel na Fields (ya hesabu), yaani 10 kwa waliosomea pale na 20 kwa wanaofanya kazi pale. Chuo kisicho na fizikia wala tiba kitazipata wapi alama?

Kijana wa Barani, Toronto
Mzee wangu, heshima yako iko pale pale, lakini kwa Nature na Science umeteleza. ARWU wenyewe wameandika kwamba vyuo vya sayansi za jamii, na LSE wameitaja kwa jina, kigezo hicho huondolewa na uzito wake hugawiwa vigezo vingine. Nobel ya uchumi nayo huhesabiwa. Kinachoizamisha LSE ni udogo. Asilimia 20 ni jumla ya makala, 20 nyingine ni idadi ya watafiti wanaonukuliwa sana. Jumla hiyo, si wastani! Kupima kwa kadiri ya idadi ya walimu kumepewa asilimia 10 tu. Chuo kikubwa cha kawaida chenye hospitali tatu kitakipita chuo kidogo hodari kila mwaka.

Dada, barua ya rufaa iwaulize mambo matatu: orodha ipi, toleo la mwaka gani, na ni ya jumla au ya somo. Kwenye mwaka ndipo makarani huvuruga. QS ya 2026 ilitoka Juni 2025. THE ya 2026 ilitoka Oktoba 2025. Shanghai hutoka 15 Agosti na hubeba mwaka huo huo. Kwa hiyo mtu akiandika "orodha ya 2025" ameshataja vitu vitatu vya nyakati tofauti. Mdogo wako achapishe ukurasa wa kila orodha, tarehe ya kuchapisha ionekane pembeni, na aambatanishe ule wa QS wa sayansi za jamii na menejimenti. Pale LSE iko ndani ya kumi bora.

Maalim, Birmingham
Mnashindana juu ya mizani iliyopinda. QS asilimia 30 ni sifa machoni mwa wanataaluma, 15 ni sifa machoni mwa waajiri. Karibu nusu ya alama ni watu kuulizwa wanamsikia nani! Mpaka toleo la 2023 ile 30 ilikuwa 40. Vyuo havikubadilika, hesabu ndiyo iliyobadilishwa, na vyuo vikapanda na kushuka.

Mimi nikipanga: uchumi, MIT, Chicago, LSE, halafu ndiyo hao wengine. Uhandisi, ETH Zurich na Imperial mbele ya Oxford, na anayebisha abishe. Lugha yetu na fasihi yake, SOAS kwanza, chuo cha London cha masomo ya Asia na Afrika, na SOAS haimo 100 ya orodha yoyote kati ya hizo tatu. Azhar ya Cairo ilianza mwaka 970, Oxford haijazaliwa. Kamuulize karani wako iko ya ngapi.

Binti Shela ya Malindi, Hamburg
Maalim, SOAS ya kwanza kwa lipi? Kwa hati za kale nakubali: zile walizokusanya Waingereza Taylor na Hichens ziko pale. Kwa kufundisha, Bayreuth na L'Orientale ya Napoli hazikubali kuwekwa nyuma. Na hilo la hati lauma. Tenzi zilizoandikwa Pate na Siu kwa herufi za Kiarabu zimetunzwa London, na kijana wa Siu akitaka kuigusa karatasi yenyewe sharti kwanza aombe viza. Nyingi zimewekwa mtandaoni, sawa, lakini waheshimiwa wetu huja Amu siku za Maulidi kupigwa picha msikiti wa Riyadha, na hakuna anayeuliza habari za maktaba.

Bint Mkomani, Leicester
Jamaa, rudini kwa LSE. Rufaa ikikwama tutachanga huku, pesa nitaziweka kwenye akaunti yangu. Itafaa?

Kijana wa Barani, Toronto
Haitafaa. Kwa viza ya mwanafunzi ya Uingereza akaunti ya dada haikubaliwi, wala ya mjomba. Ni yake mwenyewe, au kwa kawaida ya baba au mama pamoja na cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini. Mtumie mapema. Karo iliyobaki kwenye CAS, hati ya chuo ya kuthibitisha nafasi yake, pamoja na matumizi ya miezi 9 kwa kiwango cha London zikae siku 28 mfululizo. Salio likishuka chini ya hapo hata siku moja, hesabu inaanza upya. Taarifa ya benki isiwe imepita siku 31 siku anapotuma maombi.

Binti Shela ya Malindi, Hamburg
Na cheti cha kupimwa TB (kifua kikuu). Safari ya Nairobi, na hudumu miezi 6 tu, kwa hiyo asikimbilie kupima kabla CAS haijakaribia.

Mzee wa Langoni, Rotterdam
Rufaa asiitume kwa WhatsApp. Apeleke nakala mbili kwa mkono, moja igongwe "imepokelewa" na tarehe, arudi nayo nyumbani. Na kijana wa Barani, fungu ni 151 hadi 200, hapo sikuteleza.