Mtoto anakariri silabi zote lakini neno jipya linamshinda

Mama wa Tudor

Assalamu alaikum. Ninamfundisha mwanangu wa miaka sita kusoma na kuandika nyumbani kwetu hapa Tudor, na alasiri huenda chuoni kusoma Qur'ani. Nilianza na irabu tano, kisha nikabandika ukutani jedwali la silabi, na sasa huisoma safu yoyote, kuanzia "ba be bi bo bu" hadi "za ze zi zo zu", bila kusita. Taabu huanza nikimwandikia neno ambalo hajapata kuliona. Juzi nilimpa neno "kamusi", akakwama kwenye silabi ya pili. Nilipomsogelea nikamsikia akinong'ona "ma me mi mo mu" huku akikunja vidole, ndipo akaitaja "mu", na kufikia hapo alikuwa amekwisha kuisahau "ka". Katika kuandika, hunakili kutoka ubaoni kwa mwandiko mzuri sana, ila nikimtajia neno bila kumwonyesha huandika "dimu" badala ya "ndimu", na mara kwa mara huchanganya e na i. Jamaa zangu nao wananihimiza nimwanzishie Kiingereza sasa hivi, kwa kuwa huenda baadaye akajiunga na shule. Naomba ushauri wa waliokwisha kuipita hali hii.

Mwalimu mstaafu, Likoni

Wa alaikum salaam, Mama. Umemchunguza vyema, na huko kunong'ona ndiko kunakoeleza kila kitu: mtoto ameshika safu nzima kama wimbo, hajaishika silabi moja moja. Nimewaona watoto wengi wa namna hii darasani, na wengi wao walikuwa hodari.

Liondoe jedwali ukutani kwa muda. Kata kadi za karatasi ngumu, uandike silabi chache zisizofuatana, tuseme "ma", "ku", "si", "to", "la" na "ka", umwonyeshe moja baada ya nyingine kwa mpangilio unaobadilika kila mara, mpaka aitambue kila moja papo hapo. Kisha muunganishe pamoja mezani: "sima", "kula", "toka", "kutoka". Halafu umpangie maneno yasiyo na maana yoyote, kama "lasito" au "kamatosi", kwa sababu neno la namna hiyo haliwezi kubahatishwa. Akilitamka sawasawa, utajua kwamba anasoma kweli. Akizizoea hizo, ongeza nyingine mbili tatu, usizidishe.

Jambo la pili ni sikio, nalo husahauliwa na wengi. Kabla ya kushika penseli, mtamkie silabi zilizoachana, "sa", "ma", "ki", umuulize ni neno gani. Kisha umgeuzie kazi, umpe neno zima alivunje kwa kupiga makofi. Hapa yamo mambo ya kupendeza. "Mbuzi" ina makofi mawili, mbu-zi, na "mbu" nayo ina mawili, m-bu, kwa kuwa m ya neno hilo fupi imesimama peke yake kama silabi. Mtoto aliyelisikia hilo kwa masikio yake hapati shida na "mto", "mbwa" wala "nchi". Kuhusu "ndimu", mwambie aweke kidole kwenye mwanzi wa pua, aseme "dawa", kisha aseme "ndimu". Katika neno la pili atahisi mtetemo kabla ya d kutoka, na mtetemo huo ndio n anayoiacha.

Kunakili hufundisha mkono. Imla ndiyo inayofundisha kuandika. Mpe maneno matano tu kila siku: unataja, anarudia kwa sauti, analivunja, ndipo anaandika. Akikosea usimsahihishie upesi. Mwombe asome kile alichokiandika, naye mara nyingi atajisikia mwenyewe akisema "dimu" na kuchukua raba.

Kiingereza mzungumzie na mwimbie, lakini kukisoma kusubiri hadi asome sentensi za Kiswahili kwa mfululizo. Herufi a kwetu ina sauti moja tu, ilhali katika maneno ya Kiingereza "cat", "cake" na "father" ina sauti tatu.

Baba wa Bamburi

Nakubaliana na Mwalimu katika yote isipokuwa hilo la mwisho. Mpango wa Tusome, ulioanza katika shule za umma mwaka 2015, uliwafundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma Kiswahili na Kiingereza sambamba, na nyumbani kwangu nimefanya hivyo bila madhara. Ninachosisitiza ni kutovichanganya: Kiswahili ni asubuhi, akili ikiwa bado safi, Kiingereza ni baada ya chakula cha mchana, na kila lugha ina daftari lake. Usimfundishe kuimba majina ya herufi za Kiingereza mapema, kwani herufi e huitwa "ii" katika wimbo huo, na pengine ndiko anakoipata hiyo i yake.

Ustadhi, Mji wa Kale

Dada yangu, kuna sababu nyingine ambayo naiona ina nguvu zaidi kwa mtoto wa chuo. Sisi humfundisha fataha, kasra na dhumma, yaani a, i na u. E na o hazimo. Hata wazee wetu walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walitaabika nazo, na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa hapa Mombasa alikuwa miongoni mwa waliotafuta alama za kuzitenganisha. Kwa hiyo mpe mazoezi ya jozi: "meza" na "miza", "pera" na "pira", "choma" na "chuma", hata kama mojawapo haina maana. Mwekee pia nukta ya rangi upande wa kushoto wa kila mstari wa daftari, ajue pa kuanzia, kwa kuwa kwetu huanzia kulia.

Mama wa Tudor

Mwalimu, shikamoo, na nawashukuru nyote. Jedwali nimeshaliondoa. Nina swali moja zaidi: kwa bibi yake husema "ndia" na "mato", nasi hapa nyumbani vilevile. Akiandika hivyo katika imla nimhesabie kosa?

Mwalimu mstaafu, Likoni

Marahaba. La, sikio lake limefanya kazi barabara; ameandika alichokisikia. Ulikuwa mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kwa hiyo vitabu vinaandika "njia" na "macho". Mwambie waziwazi kwamba Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, ni lugha kamili na kwamba vitabuni neno huandikwa kwa namna nyingine. Katika imla itamke "njia" wewe mwenyewe, kwa sauti ya kitabu, ili asikie anachotakiwa kukiandika. Akimwandikia bibi yake barua, mwachie "ndia" yake.