Tupeane uzoefu: miji ya kale ya Ujerumani ambako fundi bado yuko kazini

Mtembezi:
Wakuu, kwa mlioko Ujerumani au mliowahi kupita. Kuta za kale na nyumba za mbao utazipiga picha mpaka simu ijae, lakini kwangu zinaanza kufanana haraka. Kinachonikaa kichwani ni pale nilipomwona mtu akifanya kazi kwa mikono. Basi tuambiane: mji gani, fundi gani, na anakubali kutazamwa?

Naanza na Seiffen, kwenye milima ya Erzgebirge karibu na mpaka wa Cheki. Zamani walichimba bati. Machimbo yalipodorora, watu wakahamia kwenye mbao, na leo mji mzima ni wanasesere. Nenda makumbusho ya wazi. Fundi anafunga kipande cha gogo bichi kwenye kerezo (mashine inayozungusha mbao), anakichonga kwa patasi mpaka kinakuwa pete yenye mifereji na matuta. Ukiitazama huambulii kitu. Kisha anaishusha, anaweka kisu, anagonga: kinaanguka kipande, nacho ni ng'ombe! Anagonga tena, ng'ombe mwingine. Kumbe muda wote alikuwa anachonga umbo asiloliona. Mke wangu alichoka kunisubiri akaenda zake kunywa kahawa.

BintiKunduchi:
Meissen, kaka, mji wa vyombo vya kauri. Treni ya S1 kutoka Dresden inakufikisha. Sisi wa pwani tumekua na habari za bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi, kwa hiyo nilitaka kuona Wazungu walivyohangaika kuifukuzia kauri hiyo. Mfalme August, mtawala wa huko enzi hizo, alimfungia kijana Böttger aliyejidai anajua kutengeneza dhahabu, akitaka amtengenezee. Dhahabu haikupatikana, ila kauri nyeupe ilipatikana, na kiwanda kikaanzishwa 1710 ndani ya ngome ya Albrechtsburg. Siku hizi kiko bondeni, na kuna vyumba vya maonyesho ambamo mafundi wanafinyanga na kupaka rangi mbele yako. Alama ya panga mbili za buluu inachorwa kwa mkono. Bei za dukani usiulize. Mimi niliangalia, nikashukuru, nikatoka.

Seremala wa Lamu:
Mimi niongelee watu, si mji. Mkiona vijana wa kofia nyeusi, suruali pana chini na fimbo iliyopinda, hao ni mafundi waliohitimu na sasa wanatembea. Desturi yao ni miaka 3 na siku 1, bila kusogea ndani ya kilomita 50 za kwao. Wanaomba kazi mji hadi mji, wanalala watakapokaribishwa. Nilikutana na mmoja Quedlinburg akikarabati nyumba ya kale. Nikamwonyesha kwenye simu milango anayochonga baba yangu, akaacha kazi, akawa anakuza picha kuangalia viungo tu! Nakshi hata hakuzigusa. Hapo nikajua huyu ni seremala kweli.

Kijiko:
Naona mnaikwepa Rothenburg ob der Tauber. Nawaelewa, mchana mabasi ya watalii yanamwaga watu. Ila lala pale usiku mmoja, wageni wa mchana wakishaondoka uzunguke na mlinzi wa usiku mwenye taa. Juu ya ukuta kupanda ni bure, na mawe yana majina ya waliochangia kuujenga upya baada ya mabomu ya 1945. Zile Schneeballen zao ni unga wa kukaanga na sukari juu. Visheti vya shangazi yangu vinazishinda kwa mbali.

Mtembezi:
@Kijiko umeniua na visheti. Kwa wanaouliza nauli: Deutschlandticket, tiketi moja ya treni na mabasi ya kawaida nchi nzima, ndiyo mkombozi. Ilianza 2023 kwa euro 49, bei imepanda tangu hapo, na treni za kasi hazimo. Ni ya kulipia kila mwezi, usipoisitisha kufikia tarehe 10 inaendelea kukata mwezi unaofuata.

BintiKunduchi:
Lauscha kuna aliyefika? Nasikia ndiko wanakopuliza mapambo ya kioo ya mti wa Krismasi.

Seremala wa Lamu:
Nimefika, dada. Panda treni kutoka Sonneberg. Wanapasha mrija wa kioo kwenye moto, wanapuliza, na maji yenye madini ya fedha yanamiminwa kwa ndani ili king'ae. Macho ya bandia ya binadamu pia wanatengeneza hukohuko. Vaa nguo nyepesi, karakana zao ni joto balaa.